Vidole kwanza, mashine baadaye: mwongozo kamili wa kupima mapigo, mdundo wa moyo na presha nyumbani

Kila wiki naletewa madaftari ya presha. Mama mmoja ameandika 168/102 asubuhi, 139/88 dakika chache baadaye, na 151/94 jioni. Swali lake ni la wengi: nishike ipi? Nikimuuliza kama mapigo ya moyo yalikuwa yanakwenda sawasawa au yanarukaruka, ananyamaza. Hakuna aliyewahi kumwambia ashike mshipa. Mashine ilimpa namba, naye akaiamini.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya moyo na presha, na nimeona kosa hili likijirudia kiasi cha kuniuma, kwa sababu watu wanajitahidi. Wananunua mashine kwa fedha yao, wanaandika kila siku, halafu namba walizoleta haziwezi kumsaidia daktari. Mara nyingi mashine ni nzima. Kilichokosekana ni utaratibu, na hasa jambo moja: kushika mshipa dakika nzima kabla ya kufunga mkanda.

Mashine ya presha inasoma mitetemo ya damu ndani ya mkono. Mitetemo isipofuatana kwa mpangilio, inachokuonyesha ni makisio. Isitoshe, kuna watu ambao presha yao ni nzuri kabisa, lakini mdundo wao umevurugika na damu inaganda taratibu ndani ya moyo. Vidole vyako vinaweza kuligundua hilo kabla kiharusi hakijafika.

## Lini usipime, bali ukimbie hospitali

Naweka hili mwanzo kwa makusudi. Usipoteze muda kutafuta mashine ukiona haya:

- Maumivu au mgandamizo kifuani unaodumu, hasa ukienda begani, mkononi au kwenye taya, na jasho la baridi.
- Mdomo umepinda ghafla, mkono mmoja umekosa nguvu, au maneno hayaeleweki. Hiyo ni dalili ya kiharusi. Angalia saa, kwa sababu hospitali watakuuliza ilianza saa ngapi.
- Mtu amezimia, au pumzi inakata akiwa amekaa tu.
- Moyo unakwenda mbio sana au taratibu sana, pamoja na kizunguzungu kizito.

Mtu akianguka, haitikii na hapumui kama kawaida, usihangaike kutafuta mapigo mkononi. Ita msaada, mlaze chali mahali pagumu, weka viganja katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu: kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma hadi msaada ufike.

## Vitu vya kuandaa

- Saa yenye mshale wa sekunde, au simu yenye saa ya kuhesabia.
- Mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono hukosea kirahisi mkono ukipanda au ukishuka kidogo.
- Futi ya fundi cherehani, ya kupimia unene wa mkono.
- Kiti chenye mgongo, meza, na kanga iliyokunjwa au mto mdogo.
- Daftari na kalamu. Kumbukumbu ya mashine haitoshi, kwa sababu haiandiki mdundo wala ulikuwa unajisikiaje.
- Kipimajoto, na oksimita ya kidole (kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu) kama unayo. Usipokuwa nayo, endelea bila wasiwasi.

## Hatua ya 1: Ujue moyo unaoupima

Watu hupenda kuruka hatua hii. Tafadhali usiiruke, kwani ndiyo itakayokufanya uelewe vidole vinakwambia nini.

Kunja ngumi yako, iweke katikati ya kifua ikiegemea kushoto kidogo. Moyo una ukubwa wa karibu ngumi hiyo. Ndani yake mna vyumba vinne. Viwili vya juu vinaitwa atiria, kazi yake ni kupokea damu. Viwili vya chini ni ventrikali, navyo vinasukuma.

Damu iliyotumika mwilini huingia chumba cha juu kulia, hushuka chumba cha chini kulia, kisha husukumwa mapafuni ikachukue oksijeni. Inarudi kwa chumba cha juu kushoto, inashuka chumba cha chini kushoto, na hapo ndipo penye msukumo mkubwa: ventrikali ya kushoto inaisukuma damu kwenye mshipa mkuu, aota, hadi utosini na kwenye nyayo. Ndiyo maana ukuta wa chumba hicho ni mnene kuliko vyote.

Kila pigo, kwa mtu mzima aliyepumzika, hutoa karibu mililita 70, kama vijiko vitano vya chakula. Mapigo 70 kwa dakika yanakaribia lita 5. Fikiria lile dumu la mafuta ya kula la lita tano likijazwa kila dakika, usiku na mchana.

Kati ya vyumba, na kwenye mianya ya kutokea, kuna milango minne inayoitwa vali. Inafunguka upande mmoja tu ili damu isirudi ilikotoka. Ukiweka sikio kifuani unasikia sauti mbili, "dum-ta". Ile "dum" ni vali za kati ya vyumba vya juu na vya chini zikijifunga. "Ta" ni vali za kutokea zikijifunga baada ya damu kupita.

Sasa umeme wake. Kwenye sehemu ya juu ya chumba cha juu kulia kuna kikundi kidogo cha seli kinachoanzisha kila pigo. Cheche yake husambaa kwenye vyumba vya juu, vikajibana. Halafu inafika kituo cha kati, ambako inacheleweshwa karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Ucheleweshaji huo una maana kubwa: unavipa vyumba vya chini nafasi ya kujaa kabla ya kusukuma. Kisha cheche inateremka kwa kasi hadi kwenye ventrikali, na pigo linatoka. Hilo ndilo unaloligusa mkononi.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo kila mzazi alijue. Maumivu ya koo ya bakteria yasiyotibiwa yanaweza kumletea mtoto homa ya rumatiki, na homa hiyo huacha makovu kwenye vali, hasa ile ya kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini. Mlango ukiwa mwembamba, chumba cha juu kinatanuka kama puto, na umeme wake unavurugika. Kwa hiyo mdundo wa vurugu hauwapati wazee peke yao. Nimeshika mikono ya wasichana wa miaka ishirini na kitu, wengine wajawazito, nikaukuta.

Umefaulu ukiweza kumweleza mtu njia ya damu kutoka mwilini, kupitia mapafu, hadi aota, bila kutazama maandishi haya.

## Hatua ya 2: Mtulize anayepimwa

Kwa nusu saa kabla ya kupima: asinywe kahawa, asivute sigara, asifanye kazi nzito. Aende haja ndogo kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kama anatumia dawa za presha, kipimo cha asubuhi kifanyike kabla ya kuzimeza.

Kisha akae kitini, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu haijapishana. Kitanda na mkeka havifai hapa, maana mgongo na miguu vikikosa egemeo misuli inafanya kazi.

Dakika 5 za kimya. Na hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Umemkuta bibi, umempa shikamoo, anataka habari za watoto, za shamba, za yule aliyelazwa. Msalimie vizuri, habari ziishe, ndipo muanze kuhesabu hizo dakika tano. Kuzungumza peke yake kunaweza kuongeza namba ya juu ya presha kwa karibu 10. Mwambie kwa heshima, "Bibi, naomba tunyamaze kidogo mpaka nimalize." Hakuna bibi aliyewahi kunikatalia.

## Hatua ya 3: Utafute mshipa

Geuza kiganja cha mgonjwa kiangalie juu. Fuata kidole gumba chake kushuka hadi kwenye kifundo cha mkono. Kati ya mfupa wa upande wa kidole gumba na ule mshipi mgumu unaojitokeza, kuna bonde dogo. Weka hapo ncha za vidole vyako viwili au vitatu: cha shahada, cha kati na cha pete.

Usitumie kidole gumba chako. Kina mshipa wake wenye nguvu, na utahesabu moyo wako ukidhani ni wa mgonjwa.

Bonyeza polepole mpaka uhisi pigo, halafu legeza kidogo. Ukikandamiza sana unaziba mshipa. Ukigusa juu juu hupati kitu. Mikono ikiwa baridi ipashe joto kwanza kwa kuisugua.

Ukishindwa kabisa mkononi, jaribu shingoni, pembeni ya koromeo chini ya taya. Shika upande mmoja tu, taratibu, bila kusugua. Kamwe usibonyeze pande zote mbili kwa pamoja, maana unaweza kupunguza damu iendayo kichwani na kumwangusha mtu.

## Hatua ya 4: Hesabu dakika nzima

Anzisha saa pigo linapokuja, na pigo hilo liite sifuri. Linalofuata ni moja. Ukianza kwa "moja" utaongeza pigo ambalo halipo.

Hesabu sekunde 60. Najua wengi mmefundishwa kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Kwa njia hiyo, ukikosea pigo moja umekosea manne, na zaidi ya hapo, sekunde 15 ni chache mno kukuonyesha mdundo unaoruka mara moja moja.

Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo ya kawaida ni 60 hadi 100 kwa dakika. Mkimbiaji aliyezoea mazoezi anaweza kuwa na 50 akawa mzima kabisa. Dawa kama atenolol na propranolol hushusha mapigo. Homa huyapandisha, kwa karibu 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Mtoto mchanga ana 100 hadi 160, kwa hiyo usimpime kwa kipimo cha mtu mzima.

Anayetumia dawa ya moyo iitwayo digoxin ashike mshipa kabla ya kila kidonge. Mapigo yakiwa chini ya 60, awasiliane na daktari wake kwanza kabla ya kumeza.

## Hatua ya 5: Sikiliza mdundo

Hii ndiyo hatua niliyoandikia mwongozo mzima.

Vidole vikiwa bado kwenye mshipa, tumia mkono wako mwingine kugonga meza polepole, ukifuata mapigo. Baada ya mapigo kumi hivi, jaribu kugonga kwa kutabiri: gonga pale unapodhani pigo lijalo litatua. Mkono wako ukikutana na pigo kila mara, mdundo ni sawa. Ukiwahi, ukachelewa, ukawahi tena, hata ukajikuta huwezi kuutabiri, umeshapata jibu ambalo namba haiwezi kukupa.

Haya ndiyo utakayokutana nayo:

Sawa. Pigo linafuata pigo kwa nafasi ileile, kama mchi wa mtwangaji mmoja kwenye kinu.

Unaofuata pumzi. Mapigo yanaharakisha kidogo mtu akivuta hewa ndani, yanapungua akiitoa. Kwa watoto na vijana ni kawaida kabisa. Mwambie ashikilie pumzi sekunde chache. Mdundo ukinyooka, usiwe na hofu.

Unaoruka. Mdundo ni sawa, halafu pigo moja linawahi, kimya kirefu kidogo, kisha linakuja pigo zito. Wengi husema "moyo umeruka" au "umekosa". Kilichotokea ni cheche iliyowahi kutoka mahali pasipo pake. Kwa watu wengi halina madhara, na huongezeka kwa uchovu, kukosa usingizi au kahawa nyingi. Hesabu yameruka mara ngapi katika dakika, uandike. Yakiwa mengi, au yakija na kizunguzungu, nenda ukapimwe.

Wa vurugu. Hakuna mpangilio wowote. Mapigo mawili ya haraka, moja limechelewa, moja dhaifu kama halipo, moja la nguvu. Vyumba vya juu vya moyo havijibani tena, vinatetemeka tu, na cheche zinashuka ovyo. Kwa kuwa vinatetemeka, damu inatuama kwenye pembe zake na inaweza kuganda. Donge likichomoka na kupanda kichwani, ndiyo kiharusi. Mwenye mdundo huu ana hatari ya kiharusi takriban mara tano ya asiye nao, na zipo dawa za kuzuia damu isigande, ambazo huipunguza hatari hiyo sana. Usingoje maumivu, maana wengi hawasikii chochote. Afanyiwe kipimo cha ECG, kile kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi, ndani ya siku chache. Akiwa na dalili zile za mwanzo, ni leo leo.

Wa mbio za ghafla. Moyo unaanza kukimbia kama uliowashwa kwa swichi, 150 au zaidi, mdundo ukiwa sawa, na unakoma ghafla vilevile. Ni tofauti na mbio za woga au za kupanda ngazi, ambazo hupanda na kushuka polepole. Andika saa ulipoanza.

Wa taratibu mno. Chini ya 50 kwa mtu asiye mwanamichezo wala asiyetumia dawa za kushusha mapigo, hasa akiwa anaona giza machoni au anaanguka. Huenda cheche zinakwama kwenye kile kituo cha kati. Huyu anahitaji hospitali yenye kipimo cha ECG.

Ukikuta mdundo wa vurugu, fanya jambo moja zaidi kama mko wawili. Mmoja ashike mkono, mwingine asikilize kifua chini ya titi la kushoto, kwa sikio au stetoskopu. Hesabuni pamoja dakika ileile. Mnaweza kupata 112 kifuani na 88 mkononi. Hamjakosea. Mapigo mengine yanakuja kabla chumba hakijajaa, damu inayotoka ni kidogo, haifiki mkononi. Andika namba zote mbili, daktari atafurahi kuziona.

Umefaulu ukiweza kuandika herufi moja bila kusita: S kwa sawa, R kwa unaoruka, V kwa vurugu.

## Hatua ya 6: Hesabu pumzi bila kumwambia

Usiachie mkono. Mgonjwa akidhani bado unahesabu mapigo, wewe angalia kifua chake. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Mtu akijua anahesabiwa pumzi, anazibadilisha bila kutaka.

Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20. Kwa watoto, pumzi za haraka ni 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kuanzia miezi miwili hadi mwaka, na 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi mitano. Mtoto mwenye kikohozi na pumzi za kiwango hicho apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

## Hatua ya 7: Sasa funga mkanda

Kwanza futi. Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mkanda unaokuja na mashine nyingi ni wa mkono wenye sentimita 22 hadi 32, na kipimo chake kimeandikwa kwenye mkanda wenyewe. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, namba inapanda kwa uongo. Mkono mwembamba kwenye mkanda mkubwa, inashuka kwa uongo.

Kuna mama niliyempokea akiwa na michubuko. Mkono wake ulikuwa na sentimita 38. Alikokuwa akipimwa walimfunga mkanda wa kawaida miezi kadhaa, presha ikaonekana haishuki, dawa ikaongezwa, akapata kizunguzungu na kuanguka bafuni. Tulipomfunga mkanda mkubwa, namba ya juu ilishuka kwa zaidi ya 10. Futi ya fundi ingemuepusha na hayo yote.

Kisha nguo. Usikunje mkono wa shati ukabana juu, na usipime juu ya sweta au baibui. Mama atoe mkono nje ya nguo, bega ajifunike kanga. Mkanda ukae kwenye ngozi, ukingo wake wa chini vidole viwili juu ya kiwiko, mpira ukielekea upande wa ndani wa mkono. Ufunge kiasi cha kupitisha kidole kimoja au viwili.

Mkono ulale mezani, kiganja juu, na kanga iliyokunjwa chini yake, ili katikati ya mkanda iwe sawa na moyo, usawa wa katikati ya kifua. Mkono ukining'inia, kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza karibu 8. Mgonjwa asiunyanyue mwenyewe, meza ndiyo iubebe.

Bonyeza, nyamazeni. Andika kipimo. Ngoja dakika moja, pima tena. Kama hatua ya 5 ilikuonyesha V, pima mara tatu na uandike zote, kwa kuwa kila kipimo kitatofautiana. Hiyo haimaanishi mashine imeharibika.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Ukiona tofauti ya zaidi ya 10 inayojirudia, tumia siku zote mkono wenye namba kubwa, na umwambie daktari. Usifunge kabisa mkono wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya kusafisha damu ya mwenye figo, na kwa aliyeondolewa titi pamoja na tezi za kwapani, tumia mkono wa upande mwingine.

Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa moyo unaposukuma. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika na kujaa. Wengine huita moja "presha ya kupanda" na nyingine "presha ya kushuka". Si sahihi, zote mbili ni za pigo lilelile.

Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni presha ya juu. Kliniki mpaka ni 140/90, kwa sababu watu wengi hupanda wakiona koti jeupe. Ukipata 180/120 au zaidi, pumzika dakika 5, pima tena. Ikibaki hapo na kuna maumivu ya kifua, kichwa kikali, kuona ukungu au pumzi kukata, ni dharura. Bila dalili hizo, mtafute mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Usimeze vidonge vya ziada wala vya jirani, kwani kuishusha presha ghafla kunaweza kuunyima ubongo damu.

## Hatua ya 8: Joto na oksijeni

Kipimajoto cha kwapani: nyuzi 37.5 na kuendelea ni homa.

Oksimita ina mitego yake. Hina nzito, piko na rangi ya kucha huipoteza, na vidole baridi pia. Tafuta kidole kisichopakwa, au tumia dole la mguu. Kwa anayeishi pwani, 95 hadi 100 ni kawaida, na nyanda za juu huwa chini kidogo. Chini ya 90 ni hospitali. Fahamu pia kwamba kwa ngozi nyeusi kifaa hiki wakati mwingine huonyesha namba kubwa kuliko ukweli. Kikisema 95 na mtu anahema mbele yako, mwamini mtu.

## Hatua ya 9: Andika daftari linalosomeka

Pima asubuhi na jioni, mara mbili kila wakati, siku 7 mfululizo. Mstari mmoja uwe hivi:

Jumatatu, saa 1 asubuhi. Mapigo 76, S. Pumzi 16. Presha 142/88, 138/86. Kabla ya dawa. Nililala vibaya.

Jumatatu, saa 1 jioni. Mapigo 81, R (mara 3). Pumzi 17. Presha 136/84, 134/84. Miguu imevimba kidogo.

Siku 7 zitakupa vipimo 28. Futa vinne vya siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo mtu bado anaizoea mashine. Jumlisha namba za juu 24 zilizobaki, gawa kwa 24, kisha fanya hivyo kwa za chini. Huo wastani ndio jibu la yule mama aliyeniuliza ashike ipi.

Usiache kuandika namba mbaya, na usichague nzuri. Nimeona watoto wakimfichia baba yao namba kubwa ili asiogope, kisha daktari akampunguzia dawa.

## Hatua ya 10: Kliniki

Beba daftari, dawa zote katika vifungashio vyake, na mashine yenyewe, angalau mara moja kwa mwaka, ilinganishwe na ya kliniki. Betri dhaifu pia huleta namba za ajabu, zibadilishe kabla ya kwenda.

Kama una R nyingi au V hata moja, sema hilo kwanza, kabla ya presha: "Nimeshika mshipa, mdundo haukuwa sawa." Omba ECG. Ikionekana vali ina tatizo, utapelekwa kipimo cha eko, kinachoonyesha vyumba na vali zikifanya kazi. Kwa Tanzania, wagonjwa wanaohitaji upasuaji wa vali hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na kadiri wanavyofika mapema ndivyo matumaini yanavyokuwa makubwa.

Kwa wanafunzi wa uuguzi mnaosoma hapa: karatasi ya ECG hutembea milimita 25 kwa sekunde, na mraba mkubwa mmoja ni sekunde 0.2. Mdundo ukiwa wa vurugu, msigawe 300 kwa miraba kati ya vilele viwili. Hesabuni vilele vilivyo ndani ya miraba mikubwa 30, ambayo ni sekunde 6, mkazidishe kwa 10. Halafu tafuteni kile kilima kidogo kinachotangulia kila kilele. Kikikosekana kabisa, na nafasi kati ya vilele hazilingani popote, vidole vyenu vilisema kweli.

Mdundo wa vurugu una tabia ya kuja na kuondoka. Unaweza kuukuta nyumbani usiku, na kesho yake ECG ikatoka safi. Usikubali kuambiwa ni mawazo tu, na usikate tamaa. Andika tarehe, saa ulipoanza, saa ulipokoma na hesabu ya mapigo, na siku ukiushika tena mchana, acha ulichokuwa unafanya uende kwenye kituo cha karibu chenye ECG ungali unaendelea.